Tahadhari: anauza santuri za zamani, jalada halisi, ndani kitu kingine

Wapenzi wa santuri, hasa mlio Mombasa, Kisumu na ng'ambo, msioweza kufika Nairobi kujichagulia wenyewe: kuna muuzaji anazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp akinadi LP (santuri kubwa) za bendi za Les Wanyika na Super Mazembe, pamoja na santuri ndogo za kampuni za muziki za AIT na Polygram. Anasema ni mali ya marehemu babu yake. Msimtumie hela.

Mimi nilimlipa kwa M-Pesa. Kifurushi kilikuja kwa basi, na jalada ni lile lile la kwenye picha. Kuivuta santuri yenyewe: ya Jim Reeves, mwimbaji wa Marekani, imechakaa, tena imepakwa mafuta ing'ae. Mafuta hayo ni balaa, maana hushika vumbi kwenye mifereji na kuchafua sindano. Nilipompigia alidai imebadilishwa na watu wa basi, kisha akaniblock.

Mwenzangu mmoja aliuziwa "ya 1979, haijawahi kupigwa". Nyuma ya jalada kuna ile mistari ya kuskani bei! Mistari hiyo ilienea kwenye majalada ya santuri miaka ya 80, kwa hiyo hilo ni toleo lililochapwa upya. Toleo jipya si kosa kulinunua, ila si kwa bei ya la kwanza.

Muuzaji yeyote wa mbali mwombeni picha ya santuri nje ya jalada, pande zote mbili, imeinamishwa chini ya taa. Mikwaruzo haijifichi hapo. Mwombeni pia picha ya namba zilizochongwa kwenye sehemu laini karibu na lebo, mzilinganishe na namba ya kwenye lebo. Bora zaidi ni video ikipigwa. Huyu ukimwomba hayo anakuharakisha: "kuna mteja mwingine anangoja, tuma nusu nikuwekee." Jalada zuri peke yake halithibitishi chochote.

Aliyekwisha tuma leo, apeleke ule ujumbe wa M-Pesa kwa 456 mara moja aombe pesa zirudishwe. Zikishatolewa, ni vigumu kuzipata. Hifadhini mazungumzo yote, mwende kituo cha polisi mwandikishe OB (daftari la matukio). Tukiwa wengi tutasikilizwa.

Namba ya simu anaibadilisha kila mara, lakini picha zake nyingi hupigwa juu ya kitambaa kile kile cha meza, cheupe chenye maua mekundu.