Gari la saluni la familia lililokula kilomita: anza na oili ya giaboksi

Malalamiko yanayonifikia mwaka huu kutoka Kisumu, Kakamega, Njoro na Bungoma yamefanana mno. Mtu amenunua gari safi lililokwisha kutumika, bodi inang'aa, injini haitoi moshi, ndani hakuna hata kiti kilichoraruka. Miezi michache baadaye gari linaanza kusita likipanda mlima wa Salgaa, kutoka Nakuru. Anakanyaga mafuta, injini inanguruma, mwendo hauongezeki. Fundi anachomeka mashine yake ya kusomea kompyuta ya gari, anatikisa kichwa, kisha anataja bei ya giaboksi iliyotumika kutoka Japani. Ndipo ninapoulizwa: "Dada, kwani ningeangalia nini?"

Kwa hivyo, katika kukupangia hapa saluni tano za kununua, sitazungumzia rangi, redio wala rimu. Hata ulaji wa mafuta nitaupita. Magari yote ninayoyapanga hapa yana injini za ukubwa wa kati ya cc 1500 na 2000, na chochote utakachookoa kwenye pampu kwa mwaka mzima kitamezwa na giaboksi moja iliyokufa. Nitakaa kwenye kitu ambacho sijawahi kumsikia muuzaji akikitaja bila kuulizwa, nacho ni oili ya giaboksi: iliwahi kubadilishwa lini, na iliwekwa ya aina gani.

Saluni nyingi za Kijapani tunazonunua sasa zina giaboksi ya CVT. Hii haina gia ya kwanza, ya pili na ya tatu kama zile za zamani. Ndani yake mna mkanda wa chuma unaozunguka kwenye puli mbili, na puli hizo hujibana na kujiachia ili mwendo ubadilike. Mkanda huo hauna meno. Unashikiliwa na puli zinazobanwa kwa msukumo wa oili, na oili hiyohiyo ndiyo inayolainisha na kupoza kila kitu mle ndani. Oili ikichoka, mkanda huanza kuteleza, uso wa puli huchunika, na unga wa chuma husafiri hadi kwenye vali ndogondogo zinazoongoza msukumo. Gari likifika hapo, fundi mwaminifu atakuambia ukweli kwamba hakuna cha kuokoa.

Kinachoichosha oili hii ni joto, na barabara zetu zina joto la kutosha. Nakuru iko kama mita 1,850 juu ya usawa wa bahari. Anayekwenda Kisumu hupanda Salgaa na Sachangwan hadi Mau Summit, zaidi ya mita 2,400, kisha huteremka kupitia Kericho na Ahero mpaka ziwani, mita 1,130 hivi. Anayeshika njia ya Eldoret hupita Timboroa, juu ya mita 2,700. Weka humo watu watano, gunia la viazi kwenye buti, na trela iliyo mbele yako ikitambaa kilomita baada ya kilomita. Mtengenezaji anaposema oili hii haihitaji kubadilishwa, anafikiria matumizi mepesi ya mjini kwao. Sisi tunaopanda Mau kila mwezi tuko kwenye matumizi mazito, na kwa matumizi hayo mimi nasema kilomita 40,000, usingoje zaidi.

Aina ya oili nayo ina uzito wake. Toyota ina oili yake ya CVT: TC kwa magari ya zamani kidogo, FE kwa ya baadaye. Nissan ina NS-2 na NS-3. Oili ya kawaida ya giaboksi ya otomatiki, ile ATF nyekundu inayopatikana kila petroli stesheni, haifai kabisa kwenye CVT, kwa sababu haikuundwa kushikilia mkanda wa chuma. Fundi akikuambia oili ya gia ni oili ya gia, chukua funguo zako uende.

Sasa namna ya kupima. Mpigie muuzaji simu jioni na umwambie utakuja asubuhi, na gari lisiwashwe kabla hujafika. Shika boneti kwa kiganja: ikiwa ina joto, amekwisha kulipasha, na ujiulize kwa nini. Liwashe, kanyaga breki, toa P upeleke R, kisha D. Likichelewa kushika, au likishtuka kwa kishindo, kumbuka hilo. Kisha lipandishe mlima. Nakuru hapa nenda barabara ya kupanda kreta ya Menengai. Kisumu pitia Kondele na Mamboleo upande Riat kuelekea Kiboswa. Panda taratibu, mwendo wa 30 au 40, mguu ukiwa mwepesi, maana CVT inayougua hutetemeka hapo hasa. Usikilize pia mlio mwembamba unaopanda na kushuka pamoja na mwendo. Ukishuka, mwombe fundi wako achukue oili kidogo ya giaboksi ainuse. Harufu ya kuungua humaliza mazungumzo. Magari mengi ya karibuni hayana kijiti cha kupimia, oili hukaguliwa kupitia bolti chini ya gari, kwa hivyo nenda na fundi aliye tayari kuingia mvunguni. Muuzaji asiyetaka mlima wala fundi amekwisha kukujibu.

Nafasi ya kwanza naipa Toyota Allion, na ndugu yake Premio, kizazi kilichoanza 2007. Nimesema Allion kwanza kwa makusudi. Magari haya mawili ni gari moja. Injini ni zilezile, giaboksi ni ileile, urefu wa kati ya magurudumu ni uleule wa mita 2.7. Kilichobadilika ni sura ya mbele, taa, na mapambo ya ndani. Lakini ingia yadi yoyote ya Nakuru uone Premio inavyopewa bei, kwa sababu tu jina hilo limekuwa heshima ya mwalimu mkuu na mzee wa kanisa. Tofauti hiyo ya bei ingekununulia oili ya giaboksi kwa miaka na miaka.

Allion yetu ya 1800 imepita kilomita laki tatu, na giaboksi ni ileile iliyotoka nayo kiwandani. Imebadilishwa oili kwa kilomita, bila kungoja dalili. Vilivyokufa njiani ni vile vinavyokufa kwenye gari lolote la familia linalokwenda Vihiga kila likizo: bushi za mikono ya chini, shoki za mbele, beringi ya gurudumu, raba za kushikilia injini, pampu ya maji, koili moja. Injini hiyo hutumia cheni, kwa hivyo hakuna mkanda wa taimingi wa kukuvizia. Spea zote hizo zilipatikana bila kuagiza Nairobi. Kuchukua 1500 si vibaya kwa anayezunguka mjini, ila ukiwa mtu wa Mau na Timboroa, 1800 haihangaiki, na giaboksi isiyohangaika hukaa na ubaridi. Ile ya 2000 sioni sababu yake.

Kuna jambo la kuharakisha wanaoitaka. Toyota iliacha kuunda Allion na Premio Machi 2021, na sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Hesabu mwenyewe: mwaka 2029 hivi mlango wa Mombasa utakuwa umefungwa kwa magari haya. Wauzaji wameshaipiga hesabu hiyo, na bei ndivyo inavyokwenda.

Nafasi ya pili ni Corolla Axio ya 1500. Injini ya zile za kabla ya 2015, 1NZ, ndiyo iliyo ndani ya Probox, na mtu wa magharibi mwa Kenya hahitaji kuelezwa Probox imefanya kazi gani kwenye barabara za kwetu. Kuanzia Luanda hadi Webuye utapata fundi anayeifungua injini hiyo akizungumza na simu. Axio nyingi ni CVT, lakini zipo za gia tano za mkono, na ukiipata moja iliyotunzwa, usilale juu yake. Inachokosa ni nafasi. Watoto watatu wakishakuwa na miguu ya sekondari, kiti cha nyuma kinageuka kuwa baraza la malalamiko.

Ya tatu ni Mazda Axela ya kuanzia mwisho wa 2013. Nayo naiheshimu kwa jambo moja kubwa: haikufuata CVT. Ina giaboksi ya otomatiki yenye gia sita za kweli, na ukipanda nayo unasikia imeshika. Kwa kipimo changu cha giaboksi peke yake ingekuwa juu zaidi. Lakini sura si spea. Nje ya Nakuru, Eldoret na Kisumu utangoja kifurushi cha basi kutoka Nairobi, na injini yake inayopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda hujenga masizi kwenye vali za kuingiza hewa, kazi ambayo si kila fundi anaiweza. Nabaki na Toyota yangu.

Nissan Sylphy iko ya nne. Ya kizazi cha 2005 hadi 2012 yenye injini ya 1500 ina otomatiki ya gia nne, ni gari tulivu, nafasi ya nyuma ni pana, na bei yake huwa ya kibinadamu. Ile ya 2000 ya kizazi hichohicho ni CVT, na humo ndimo yametoka malalamiko mengi niliyotaja mwanzo. Soma kibandiko cha modeli, usiridhike na neno Sylphy.

Subaru Impreza G4 iko ya tano. Kwa tope la Kuresoi, kuvuta kwa magurudumu yote manne ni baraka. Kwa familia inayohesabu karo, hapana.

Zile za bei ya chini, yaani Corolla za zamani tunazoziita Toyota 110 na NZE, na Premio ya kabla ya 2007, zina otomatiki rahisi zaidi na fundi hatakukosa. Ila 110 changa kabisa imepita miaka 25, na Premio ya zamani yenye alama ya D-4, yaani injini inayopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, uiache ilipo.

Sasa niseme kuhusu hawa wanaotuuzia. Gari la 2011, lililotumika Kenya tangu 2018, linasimama yadi likionyesha kilomita 78,000, na raba ya pedali ya breki imelika hadi chuma. Mita imerudishwa, kila mtu anajua imerudishwa, na bado unatazamwa kama mkorofi ukiuliza. Mimi siogopi kilomita nyingi. Gari lenye 240,000 za kweli na risiti za oili nalinunua mbele ya lile la 78,000 za uongo, kwa sababu la kwanza najua nini kimebadilishwa, na la pili mwenye nalo ameniambia yeye ni mtu wa namna gani. Kwa gari linalotoka Japani moja kwa moja, dai cheti cha usafirishaji cha huko, kwani kina usomaji wa kilomita, pamoja na karatasi ya mnada. Fungua boneti na milango utafute vibandiko vya Kijapani vya kubadilisha oili, maana huandikwa tarehe na kilomita, na mara nyingi waliorudisha mita husahau kuvibandua. Kwa lililotumika hapa, omba risiti na uchunguze kumbukumbu zake NTSA, mamlaka inayosajili magari, kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kabla ya kutoa hata shilingi ya kushikia.

Kuna na ujanja wa kumwaga oili mpya ya giaboksi siku chache kabla ya kuuza. Mtetemo hutulia kwa muda. Ndiyo maana nataka risiti na si maneno: oili iliyobadilishwa jana kwenye gari linalouzwa leo inahitaji maelezo.

Bei nazo, serikali ina mkono wake humo. Mwaka 2023 ushuru wa forodha kwa magari ya kuagizwa ulipandishwa kutoka asilimia 25 hadi 35. Juu yake kuna ushuru wa bidhaa, asilimia 20 kwa injini isiyozidi 1500 na 25 kwa inayozidi hapo, kisha VAT ya 16 juu ya jumla yote. Hayo nayaelewa. Nisichokubali ni yadi kuyatumia kama kisingizio kwa gari lililolipiwa ushuru miaka saba iliyopita na ambalo limeshabadilisha mikono mitatu. Likipanda bei kila mwaka, basi angalau tuonyeshwe lilivyotunzwa.

Ukishanunua, hata kama umeridhika na risiti, badilisha oili ya giaboksi wiki ya kwanza. Ukifungua bolti, oili yote haitoki, nyingine hubaki ndani, kwa hivyo rudia baada ya kilomita 1,000 hivi. Mwambie fundi ashushe sampu, yaani bakuli la oili lililo chini ya giaboksi, asafishe sumaku zilizo chini yake na abadilishe chujio. Unga laini mweusi kwenye sumaku ni wa kawaida, vipande unavyoweza kushika kwa kucha si vya kawaida. Nunua oili kwenye duka linalokupa risiti yenye jina lake, kopo likiwa na muhuri, na lifunguliwe mbele yako. Makopo matupu ya oili halisi yananunuliwa tena mitaani, na hayajazwi maji.