Lambo la udongo Chamwino: tathmini ya mkandarasi aliyenijengea

Mwaka jana, kati ya Septemba na mwanzoni mwa Novemba, mkandarasi mmoja wa hapa Dodoma alinijengea lambo la udongo katika shamba langu lililopo wilayani Chamwino, kwa ajili ya kunyweshea ng'ombe na kumwagilia mboga pamoja na mizabibu michache wakati wa kiangazi. Nimesubiri masika yapite na kiangazi kifike ukingoni kabla ya kuandika tathmini hii, kwa sababu lambo lililokamilika juzi, ambalo halijaonja maji, hupendeza macho hata kama limejengwa ovyo. Jina la mkandarasi silitaji, kwa kuwa lipo jambo ambalo bado hatujalimaliza, nami nitalieleza.

Wakandarasi watatu walikuja kuangalia eneo. Wawili walitoa bei kwa saa za kijiko, dizeli juu yangu. Bei ya saa huonekana nafuu hadi mwenye shamba atambue kwamba kijiko huchimba na kurundika udongo lakini hakiushindilii, na kwamba dereva anayelipwa kwa saa hana sababu ya kuharakisha. Wa tatu alitoa bei kwa kila meta ya ujazo ya udongo uliokwisha kushindiliwa, akaorodhesha mtambo wa kushindilia wenye meno kwenye gurudumu lake la chuma, pamoja na boza la maji. Bei yake ilikuwa ya juu kuliko za wenzake wote, nami nilimchagua kwa sababu ya lile boza. Anayepanga kushindilia udongo mkavu wa Septemba bila kuunyunyizia maji hajawahi kujenga lambo, au amejenga mengi yaliyobomoka.

Kazi ya udongo ndiyo iliyonifanya niheshimu timu hii. Msimamizi wao alichimba mashimo ya majaribio katika sehemu sita kabla ya kukubali mkataba. Mimi nilidhani udongo mweusi wa mbugani, ambao hunasa tairi za magari kila mwaka, ungefaa kwa tuta zima, yaani ukuta wa udongo unaozuia maji ya lambo. Alinieleza kwamba udongo ule huzuia maji vizuri ukiwa na unyevu, lakini ukikauka hupasuka nyufa za kuingiza mkono, na maji ya mvua ya kwanza hupita humo humo. Kwa hiyo aliutumia katikati ya tuta tu, akaufunika pande zote kwa udongo mwekundu wenye mfinyanzi na changarawe. Kisha alifanya jaribio ambalo kila mwenye shamba anaweza kulifanya jikoni kwake: alidondosha kidonge cha udongo mkavu katika glasi ya maji safi, akaacha bila kukitikisa. Kidonge kikimeguka na kukaa chini, si tatizo. Maji yakigeuka kama maziwa kukizunguka, udongo huo huyeyuka wenyewe ndani ya maji, na tuta lililojengwa nao hutobolewa kwa ndani hata kama limeshindiliwa. Shimo moja kati ya yale sita lilitoa udongo wa namna hiyo, naye akalikataa, ingawa ndilo lililokuwa karibu zaidi na tuta na lingempunguzia safari za tipa.

Chini ya tuta walichimba mtaro wa msingi wenye upana wa meta 3, wakivuka bonde kutoka ukingo mmoja hadi mwingine. Mchoro ulisema kina cha meta 1, lakini walipokuta tabaka la mchanga waliendelea hadi meta 1.8, ndipo wakafika kwenye mfinyanzi mgumu, wakaujaza mtaro huo kwa udongo uleule mweusi wa katikati ya tuta. Sehemu hii haionekani tena na hakuna mgeni atakayeisifia, lakini ningeshauri mwenye shamba awepo siku hiyo hata kama ataikosa kazi nzima iliyobaki. Udongo ulimwagwa kwa matabaka ya sentimita 20, ukanyunyiziwa maji na kushindiliwa kabla ya tabaka jingine kuletwa. Asubuhi moja nilikuta mitambo imesimama, nikauliza kulikoni. Msimamizi aliokota udongo, akauviringisha kiganjani hadi ukawa mwembamba kama penseli, nao ukakatika vipande. "Mama, leo hatumwagi," alisema, "boza limeharibika, na udongo huu ni mkavu mno." Siku mbili zilipotea, na kwa kuwa nilikuwa nikilipa kwa ujazo na si kwa saa, hazikunigharimu chochote.

Tuta lina urefu wa meta 62, kimo cha meta 4 pale bonde lilipo na kina zaidi, na upana wa meta 3 juu. Upande wa maji una mteremko wa meta 3 za mlalo kwa kila meta 1 ya kimo, na upande wa nyuma meta 2 kwa 1. Wanaotaka kuokoa fedha huomba mteremko uwe mkali zaidi; timu hii ilikataa, na nadhani ilikuwa sahihi. Katikati waliliinua tuta juu kidogo zaidi ya kwenye ncha zake, kwa kuwa udongo hujikalia kadiri muda unavyopita.

Sasa nije kwenye makadirio ya maji, ambako sikuridhika. Mkandarasi aliniahidi karibu meta za ujazo 5,000. Kwa bonde la kawaida, kipimo cha haraka ni kuzidisha kina cha maji kwenye tuta, upana wa maji hapo, na umbali ambao maji yanarudi nyuma, kisha kugawanya kwa 6. Lambo langu lilipojaa lilikuwa na kina cha meta 3, upana wa meta 55 na umbali wa meta 120, yaani takribani meta za ujazo 3,300. Tofauti hiyo si ndogo kwa mtu aliyepanga idadi ya mifugo kwa kufuata ahadi. Pia hakunitajia jua. Dodoma hupata mvua ya takribani milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, karibu yote kati ya Desemba na Aprili, ilhali maji yaliyo wazi hupoteza zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka kwa kukauka. Ndiyo maana lambo pana lenye kina kifupi huku kwetu ni karai la kukaushia maji. Nilipogundua hilo niliomba sehemu ya chini ichimbwe zaidi, nikalipia nyongeza.

Kasoro kubwa ni utoro wa maji, yaani mfereji wa pembeni unaotoa maji ya ziada lambo likijaa. Kwa haki, waliuchimba kwenye ardhi ya asili pembeni na si juu ya udongo wa kujaza, na sakafu yake iko meta 1 chini ya kilele cha tuta, kama inavyotakiwa. Lakini waliufanya uwe na upana wa meta 2 tu, wakati vilima vilivyo juu ya shamba ni vya mawe na havinywi maji, na mdomo wake wakauelekeza karibu mno na kitako cha tuta. Mvua kubwa ya kwanza ya Januari ilipita humo kwa kishindo, ikachimba korongo lenye kina cha kiuno changu, likirudi nyuma kuelekea kwenye maji. Usiku ule tulijaza mifuko ya mchanga kwa mwanga wa tochi. Mkandarasi alifika siku ya nne, akaleta mawe, akayapanga vizuri, kisha akanidai dizeli ya kurekebisha kosa lake mwenyewe. Nilikataa kulipa. Ukoka tulioupanda baadaye kwenye sakafu ya utoro umeshika vizuri.

Lingine ni kibali. Nilipouliza, jibu lilikuwa kwamba shamba ni langu na maji ni yangu. Sivyo. Kwa Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009, maji ni mali ya umma, na anayetaka kuzuia mkondo na kuyatumia huomba kibali kwenye Bodi ya Maji ya Bonde, chombo cha serikali kinachosimamia maji ya eneo lake. Mkandarasi anayeishi kwa kazi hii alipaswa kunieleza kabla ya kuleta mitambo.

Kuna shauri lao moja ambalo nililipuuza, na lawama ni yangu. Walitaka kuchimba shimo la kunasia mchanga juu ya lambo, pale mkondo unapoingia. Niliona ni njia ya kuongeza bili. Anayeyafahamu mabwawa ya Ikowa na Hombolo anajua jinsi tope la vilima vilivyochakaa linavyomeza nafasi ya maji, na baada ya msimu mmoja tayari nina ulimi wa mchanga kwenye mlango wa lambo langu. Mwaka huu nitawalipa walichimbe.

Leo, katikati ya Oktoba, kijiti cha kupimia kinaonyesha meta 1.4 za maji, baada ya ng'ombe 30 kunywa kwenye birika lililo nje ya uzio na mboga kumwagiliwa kila jioni. Nyuma ya tuta pana unyevu kidogo, lakini maji yanayojitokeza ni maangavu. Yangekuwa na tope, ningekuwa nimeshaita mtambo. Kwa kazi ya udongo nawapa alama 9 kati ya 10, kwa utoro 4, kwa makadirio na ushauri wa kisheria 3. Asilimia 10 ya malipo bado ninayo mkononi, na tumekubaliana kwa maandishi kwamba wataipata utoro ukishapanuliwa hadi meta 6, kabla ya mvua za Desemba.