Crown, BMW, Lexus au Benzi: sedani za kifahari za mtumba ninavyozipanga

Karibu kila wiki kuna mtu ananitumia picha ya gari ambalo tayari ameshalipenda. BMW nyeupe, Crown nyeusi, rimu zinang'aa, siti za ngozi, na swali ni lile lile: "Hili vipi?" Nami humuuliza: injini yake ni ipi? Wengi hunijibu "ni 2.0" au "ni V6". Hiyo ni saizi au umbo la injini, jina lake bado sijalipata. Na kwenye magari haya jina la injini ndilo linaloamua kama utalifurahia miaka mitano au utaliacha gereji mwezi wa tatu. Bodi ile ile, taa zile zile, lakini la mwaka huu lina injini ya kuaminika na la mwaka uliotangulia lina injini ya kukufilisi.

Kwa hiyo orodha hii inafuata injini na mwaka. Nimempangia mtu wa aina moja: anaishi Dar, Arusha, Mwanza au Nairobi, ana gari moja tu, huenda nalo kazini kila siku na mara mbili tatu kwa mwaka hulipeleka mkoani. Anataka gari linaloshika kona, linaloitika akikanyaga mafuta, na ambalo hataona haya kumpakia mama mkwe.

Kabla ya majina, kodi. Kwa Tanzania, ushuru wa bidhaa wa gari dogo unapanda injini ikizidi sentimita za ujazo 2,000: kati ya 1,000 na 2,000 ni asilimia 5, juu yake asilimia 10. Halafu kuna ushuru wa uchakavu, asilimia 15 kwa gari la miaka 8 hadi 10 na asilimia 30 kwa lililozidi miaka 10. Vyote hivi vinakuja juu ya ushuru wa forodha na VAT. Ndiyo maana gari la bei ya chini Japani linaweza kukugharimu zaidi bandarini kuliko mdogo wake aliyetengenezwa miaka miwili baadaye. Ingia kwenye kikokotoo cha TRA, weka modeli na mwaka, kisha ndipo uanze kuota. Kwa ndugu zetu wa Kenya hesabu ni nyingine kabisa, kwa sababu gari lililozidi miaka 8 haliingii nchini.

1. Toyota Crown Athlete, kizazi cha S210 (2012–2018)

Naliweka la kwanza, na sababu si kwamba ni Toyota na kila fundi anaijua. Crown hii ina injini nne tofauti, na fundi wa mtaani anazijua mbili tu.

Inayojulikana zaidi ni V6 ya 2.5, 4GR-FSE. Ni laini na inadumu, ila inapuliza mafuta moja kwa moja ndani ya silinda, hivyo petroli haipiti juu ya valvu za kuingizia hewa kuziosha. Masizi yanajikusanya pale, gari linaanza kutetemeka kwenye sailensa (limesimama huku injini inawaka), na fundi asiyejua atakubadilishia plagi, koili, kisha pampu, moja baada ya nyingine. Dawa ni kufungua na kusafisha valvu. V6 ya 3.5, 2GR-FSE, ina nozeli za aina mbili, ndani ya silinda na kwenye njia ya hewa, kwa hiyo haina shida hiyo. Nguvu zake ni za kutisha, na unywaji wake wa mafuta ni wa kutisha vile vile.

Haibridi, AWS210, yenye injini ya petroli na mota ya umeme, ndiyo ninayompendekezea mtu wa foleni za Mwenge na Ubungo. Betri yake kubwa iko nyuma ya siti ya nyuma na inapozwa na hewa ya ndani ya gari kwa feni ndogo. Tundu la feni likizibwa na vumbi au begi, betri inachemka na kufa mapema. Usafi wa nusu saa kila servisi unaokoa mamilioni. Ukienda kulikagua, piga magoti uliangalie tundu hilo. Hali yake inaeleza mengi juu ya mwenye gari.

Ya nne ndiyo wachache wanaoitafuta, nami ndiyo ningenunua kesho: ARS210, turbo ya lita 2, injini ya 8AR-FTS, iliyoingia kwenye toleo lililoboreshwa la 2015. Nguvu za farasi 235, gia nane, na ujazo wake ni 1,998, kwa hiyo inakaa kwenye kundi la chini la ushuru. Injini hiyo hiyo imo kwenye Harrier turbo ya 2017 na Lexus NX200t, magari ambayo hapa kwetu yapo, kwa hiyo spea zake hazitakuwa ngeni. Toleo hilo la 2015 pia liliongezewa uchomeleaji na gundi kwenye bodi, na kwenye kona unausikia ugumu wake. Sharti moja: inataka petroli ya oktani ya juu. Usiijaze kwenye sheli usiyoiamini.

2. BMW 320i, F30 yenye injini ya B48

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo watu wengi wanapoumia.

Hakuna gari kwenye orodha hii linaloongea na dereva kama F30, ndilo jina la kizazi hiki cha 320i. Usukani, breki, uzito uliogawanywa karibu sawa mbele na nyuma: ukitoka Morogoro kuelekea Iringa na kuanza zile kona za Kitonga, unaelewa kwa nini watu wanavumilia gharama zake. Lakini F30 za mwanzo, kuanzia 2012, zilikuja na injini ya N20. Cheni yake ya ndani, inayoendesha valvu, inaongozwa na reli za plastiki, na plastiki hizo zinakuwa dhaifu na kukatika. Vipande vinaangukia kwenye sampo, lile bakuli la oili chini ya injini, vinaziba njia ya oili, na cheni ikiruka injini imekwisha. Dalili yake ni mluzi mwembamba unaopanda na kushuka pamoja na mzunguko wa injini. Ukiusikia, toka, hata kama bei imeshuka. Bei imeshuka kwa sababu muuzaji naye ameusikia.

Iliyofuata ni B48, na hiyo ni injini nyingine kabisa. BMW ilianza kuiingiza na toleo lililoboreshwa la 2015, ila mabadiliko hayakufika kila soko siku moja, kwa hiyo taa mpya za nje si ushahidi wa injini mpya ndani. Omba namba ya chesi, iingize kwenye tovuti ya kusoma namba za BMW, usome jina la injini kwa macho yako. Dakika mbili tu. Muuzaji akikataa kukupa namba ya chesi, basi ameshakujibu.

Dizeli ya 320d inavutia kwa ulaji wake. Mimi simshauri mtu wa mjini. Zile za awali zina injini ya N47, cheni iko upande wa gia boksi, na kuitengeneza maana yake ni kushusha injini. Pia chujio la masizi kwenye ekzosi linahitaji safari ndefu za mwendo wa kasi ili lijisafishe; foleni ya kila siku inaliziba.

Mambo mengine ya F30 ni ya kupanga bajeti tu. Gia boksi yake ya ZF ya gia nane ni nzuri mno, na watu wanaambiwa oili yake ni ya maisha yote. ZF wenyewe, waliolitengeneza, wanashauri oili ibadilishwe kati ya kilometa 80,000 na 120,000. Wafuate hao. Chujio lake limeungana na sampo ya plastiki, vinabadilishwa pamoja, usikubali kuuziwa oili peke yake. Ukibadilisha betri ya kuwashia, lazima isajiliwe kwenye kompyuta ya gari, la sivyo mfumo utaendelea kuichaji kama ile kuukuu. Na F30 nyingi zinakuja na matairi ya ranifulati (hutembea hata upepo ukiisha) bila tairi la akiba. Kwenye mashimo yetu matairi hayo ni magumu na ghali. Wengi tunahamia ya kawaida, kisha tunabeba tairi la akiba kwenye buti na kupunguza mizigo.

Kama mjini kwako hakuna fundi mwenye kompyuta ya BMW na uzoefu wa B48, ishushe hadi nafasi ya nne.

3. Lexus IS 300h (2013 na kuendelea)

Ni binamu wa Crown haibridi: injini ile ile ya 2.5 ya silinda nne, mfumo ule ule wa betri, na tundu la feni la kusafisha lipo pia. Mkao wa dereva ni wa chini, unajisikia umevaa gari. Siti ya nyuma inabana, mtu mrefu atalalamika kabla hamjafika Chalinze. Ni gari la kutulia na uimara, na wanaolinunua kwa ajili ya mlio wa injini hawataupata, kwa sababu gia yake ya haibridi inaacha injini ivume bila kupanda kwa hatua. IS 250 ya zamani ina ile 4GR niliyoieleza, masizi yake na yote.

4. Mercedes-Benz C-Class, W205 (2014–2021)

Ndani ya W205 ni pazuri kuliko gari jingine lolote hapa, na kwa mwendo wa taratibu na kimya hakuna wa kushindana nayo. Kabla ya toleo lililoboreshwa la 2018, C180 ina turbo ya 1.6, C200 ya 2.0, zote za familia ya M274. Chukua C200: 1.6 inatosha mjini, lakini ikipanda Sekenke na watu wanne unaisikia ikihema. Kagua kama ina shokapu za upepo. Zikianza kuvuja, gharama yake ni ya kuuma. Gari likilala chini upande mmoja asubuhi, umeshaona.

W204, iliyotangulia, bado inauzwa sana na wengi wanaiulizia. Ile ya 1.8, injini ya M271, cheni yake hurefuka na meno ya kamshafti kulika; sikiliza mkwaruzo wa sekunde chache ikiwashwa baridi. Pia kufuli la umeme la usukani hufa ghafla: ufunguo unaingia, hakuna kinachowaka, na gari halitoki lilipo. Fundi umeme mzuri analitatua, ila muulize muuzaji kama limeshabadilishwa.

5. Toyota Mark X, GRX130 (2009–2019)

Kwa bajeti ndogo hii ingepanda hadi ya kwanza. Inasukumwa na magurudumu ya nyuma, ina gia sita, spea zake kwenye maduka ya Gerezani, Dar, unazipata kabla chai haijapoa. Nimeishusha kwa sababu ndani si ya kifahari kama wenzake, na kwa sababu nyingi zimepita mikononi mwa vijana wa kukata kona. Angalia matairi ya nyuma, bushi na difu. Uzalishaji wake ulikoma mwishoni mwa 2019, kwa hiyo Wakenya watazidi kununua zilizokwisha ingia.

6. Audi A4

Kizazi cha B8 chenye gia ya multitronic, otomatiki isiyo na hatua, sikigusi. Injini zake za 2.0 za miaka ile zilijulikana pia kwa kunywa oili, kwa sababu ya ringi za pistoni. B9 ya 2016 na kuendelea ni gari zuri, lakini mafundi wake kwetu ni wa kuhesabu kwa vidole.

Kwa anayependa kitu cha pekee, Nissan Skyline V37 ya turbo ya lita 2 inatumia injini kutoka Mercedes, familia ile ile ya M274. Usimpelekee fundi wa Nissan bila kumwambia.

Kuhusu gari jipya kutoka kwa wakala, nina neno moja tu. Linunue kama una mpango wa kukaa nalo kipindi chote cha dhamana na servisi zote kuzifanyia kwao. Mtu anayelipa bei ya gari jipya kisha akaanza kubana kwenye servisi ya kwanza amepoteza pande zote mbili.

Siku ya kukagua

Gari linalotoka Japani, omba karatasi ya mnada (ripoti ya ukaguzi wa mnadani) yenyewe, si tafsiri ya muuzaji. Daraja 4 au 4.5 ni zuri, 3.5 linavumilika kama michubuko iko nje tu. R au RA maana yake limewahi kupata ajali na kutengenezwa. Kwenye mchoro wa bodi, A ni mkwaruzo, U ni bonyeo, W ni sehemu iliyonyooshwa, XX ni kipande kilichobadilishwa. Linganisha kilometa za karatasi na za dashibodi. Miaka michache iliyopita nilimsindikiza rafiki kwenye yadi moja. Dashibodi ilisoma 61,000, karatasi niliyoipata baadaye kwa namba ya chesi ilisoma 148,000. Tangu siku hiyo siangalii hata rangi kabla ya karatasi.

Gari la ndani, hata kama ni namba E (usajili wa karibuni Tanzania), mwombe mwenyewe asiliwashe kabla hujafika. Gusa injini kwanza. Ikiwa ya moto, rudi siku nyingine. Ikiwa baridi, fungua boneti, waambie wote wanyamaze, mwachie mtu mwingine ufunguo, nawe inama usikilize sekunde kumi za kwanza. Baada ya hapo ndipo kompyuta, ndipo kulizungusha barabarani, ndipo bei.