Takwimu za majina za SSA: tumezipima kwa jina William

Kwa anayetaka kujua jina la mtoto limependwa kiasi gani na kwa muda gani, ghala la kwanza la kukimbilia ni la Social Security Administration (SSA), idara ya hifadhi ya jamii ya Marekani. Anwani yake ni ssa.gov/oact/babynames. Halidai malipo wala usajili, na linarudi nyuma hadi watoto waliozaliwa 1880. Tunalipa alama 4 kati ya 5. Ile moja tumeikata kwa sababu namba zake ni rahisi mno kumpotosha asiyejua zilivyokusanywa.

Tumelipima kwa William, jina la kale la Kijerumani lenye historia ndefu kuliko mengi. Kwenye ukurasa wenyewe kazi ni nyepesi: andika jina, chagua jinsia na idadi ya miaka, utapata nafasi yake mwaka kwa mwaka. Lakini ukurasa unaishia kwenye majina 1,000 ya juu. William yumo bila shida. Ukimtafuta Wilhelm, yaani William wa Wajerumani, wa miaka hii, utaambiwa hayumo, na utadhani hakuna anayeitwa hivyo.

Dawa yake ni kupakua names.zip, furushi la data kamili kwenye tovuti hiyohiyo. Ndani mna faili moja la maandishi kwa kila mwaka: yob1880.txt na kuendelea. Kila mstari una jina, jinsia (F ni msichana, M ni mvulana) na idadi, vikitenganishwa kwa koma. Wasichana hutangulia, wavulana hufuata, kila kundi likianza na wengi kwenda wachache. Katika faili la 1880 wasichana wanachukua mistari 942. Wa 943 ni John,M,9655, na wa 944 ni William,M,9532. Ukifungua kwa Excel, iambie kwamba kitenganishi ni koma, la sivyo vyote vitarundikana kwenye safu moja. Na unapotafuta William, chuja kwanza herufi M: jina hilohilo linaonekana pia upande wa F, kwa kuwa SSA haisahihishi jinsia iliyoandikwa vibaya kwenye kumbukumbu.

Sasa kosa kubwa lenyewe. Namba hizi hazikutoka kwenye vyeti vya kuzaliwa, zilitoka kwenye maombi ya kadi za hifadhi ya jamii. Sheria yake ilitiwa saini Agosti 1935 na usajili ukaanza Novemba 1936, wakati mtoto wa 1880 ana miaka 56. Aliyekufa kabla ya hapo hayumo. Aliyebaki hai bila kuomba kadi hayumo pia. Ndiyo maana wavulana wote wa 1880 kwenye kumbukumbu ni 118,400 tu, nchi nzima. Ukilinganisha namba ghafi, William atakuonyesha amepanda kutoka 9,532 hadi zaidi ya 60,000 mwaka 1947. Kumbe alikuwa anashuka: kutoka nafasi ya 2 hadi ya 4, na kutoka wavulana 8 katika kila 100 hadi chini ya 4. Pima kwa asilimia daima.

Na asilimia nayo ina mtego. Faili linaficha jina lolote lililopewa watoto wasiofika 5 mwaka huo, ili kulinda faragha. Ukijumlisha wavulana wa faili la 1880 utapata 110,491, siyo 118,400. Ukigawa kwa jumla hiyo, William anapata asilimia 8.6, hesabu sahihi ni 8.05. Jumla kamili ya kila mwaka iko kwenye jedwali lingine la SSA hukohuko. Gawa kwa hiyo.

Kinachotusikitisha zaidi ni kwamba kila tahajia huhesabiwa kama jina lake peke yake. SSA inaziunganisha tu zinazotofautiana kwa kistari au nafasi. Liam ameongoza orodha ya wavulana Marekani kila mwaka kuanzia 2017 hadi 2024, na Liam ni mkia wa Uilliam, yaani William wa Waayalandi. Kwa SSA hawa ni watu wawili wasiojuana. Vivyo hivyo Guillermo wa Wahispania na Wilhelm. Ukitaka kujua nguvu ya ukoo mzima, andaa mwenyewe orodha ya maumbo yake, kisha ujumlishe. Shirika la lugha la Ujerumani, GfdS, huunganisha tahajia za jina moja kabla ya kupanga orodha yake, na hilo tunalipenda. Lakini halimpi msomaji faili zima la kuchambua.

Asili ya jina usiitafute hapa, haimo. Wil ni nia, helm ni kofia ya chuma ya vitani. Mababu wa Wajerumani waliunganisha mashina mawili bila kukusudia sentensi, kwa hiyo tafsiri kama “mlinzi mwenye nia thabiti” ni mapambo ya vitabu vya majina. Wanormandi waliliingiza Uingereza 1066 likiwa na W, ilhali Kifaransa cha Paris kililigeuza Guillaume. Umbo la Kijerumani lilifika hadi kwetu: Lushoto iliitwa Wilhelmstal, na mpanda mlima Mjerumani Hans Meyer alikipa kilele cha Kilimanjaro jina la Kaiser (mfalme mkuu) Wilhelm mwaka 1889, kabla hakijaitwa Uhuru.

Wenye jamaa huko Marekani watavutiwa na namesbystate.zip, faili la kila jimbo tangu 1910. Angalieni mpangilio: hapa ni jimbo, jinsia, mwaka, jina, idadi. Ukilichanganya na faili la taifa bila kupanga upya safu, mwaka utakaa mahali pa idadi. Kiwango cha watoto 5 kinatumika kwa kila jimbo peke yake, kwa hiyo jumla ya majimbo yote haifiki ile ya taifa. Takwimu za mwaka uliopita huongezwa Mei, karibu na Siku ya Mama.