Boti ya mikokoni Lamu: nendeni maji yakiwa yamekupwa

Kama mko Lamu na mnataka kwenda mikokoni upande wa kisiwa cha Manda, tafuteni pale jeti nahodha anayekubali kusimama topeni, sio wale wa kukuzungusha mpige picha mrudi. Wetu alitushusha maji yamekupwa, harufu ya mayai viza imetanda, watoto wakaziba pua, mzee wa watu akachota tope kwa kafi akatuonyesha: juu kahawia, utando mwembamba tu, chini jeusi tititi. Akasema, "Hapa chini hewa haifiki, wanangu, ndo maana mizizi ya mchu, huu mkoko hapa, inachomoza juu kutafuta pumzi."

Mie nafundisha bayolojia kwa hiyo nikaongezea palepale. Kwenye hilo jeusi kuna bakteria wasiohitaji oksijeni, wanatumia salfeti, yani chumvi yenye salfa iliyomo kwenye maji ya bahari, na wanachotoa ndo hiyo gesi inayonuka, ikikutana na chuma kilichomo topeni basi tope linakuwa jeusi. Mmoja akauliza mbona hawafi kwa jua na chumvi. Wengi wamezoea hapo, na wako bakteria wengine pakikauka wanajifungia kwenye ganda gumu wanalala hata miaka, maji ya kuchemka yenyewe hayawamalizi.

Halafu kaa akapita anaburuta jani kuingia shimoni, yani kama tumempangia! Jani la mkoko gumu na chungu, bakteria na kuvu ndo wanalilainisha na kulivunjavunja, vile vipande vinaliwa na vidudu, vidudu vinaliwa na kamba na samaki wachanga, na hao ndo kitoweo chetu. Bakteria wengine wako mizizini wanageuza nitrojeni ya hewani kuwa chakula cha mti, maana mti wenyewe hauwezi. Na hii oksijeni tunayovuta, walioanza kuijaza hewani ni sianobakteria, yani bakteria wanaojitengenezea chakula kwa mwanga wa jua kama mimea, zaidi ya miaka bilioni 2 iliyopita. Lamu ina zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya jamani, na watu bado wanaliita lile tope uchafu, mie inaniuma kweli.

Boti ilikuwa safi, bei mnapatana, ila majaketi ya kuokolea saizi ya watoto hayakutosha na hilo walirekebishe haraka. Vaeni viatu vya kufunga, kandambili zinabaki topeni, na muulizeni nahodha saa ya maji kupwa kabla hamjalipa.