Pinboli ya gorila: mchezo nyota tano, duka sifuri (kwa leo)

Wakuu, naandika nikiwa bado na hasira, mnivumilie.

Mimi mtu wa Tanga, nipo nje kidogo ya Chicago miaka mingi sasa, na ugonjwa wangu ni mashine za pinboli, zile za gololi ya chuma na flipa za kuirudisha juu. Mashine nyingi za maana zimezaliwa huku huku, kwa hiyo kuziona si kazi. Kazi ni kuchagua. Chumba changu cha chini kinabeba mbili, na mke wangu ameshasema siku ya tatu inaingia, yeye anatoka.

Wakusanyaji wa huku ugomvi wao hauishi: ununue kwa ajili ya hadithi iliyochorwa juu yake, au kwa ajili ya mchezo? Kila mgeni anaambiwa aanze na The Addams Family ya 1992, ya ile familia ya vituko ya kwenye sinema na televisheni za Marekani, iliyouzwa zaidi ya mashine 20,000. Nimeicheza, tamu kweli. Ila wenzangu wakisikia ule muziki wanaanza kudatisha vidole na kuchekelea, mimi nimesimama kama niliyeingia harusi isiyo yangu. Utotoni kwetu hiyo familia haikuwepo. Sasa bei ile, nusu yake unalipia utoto wa watu wengine.

Ndiyo maana ya kwanza nilichukua World Cup Soccer ya 1994. Mpira, basi. Kuna kipa anakwenda kushoto na kulia, ukimpita mashine inapiga kelele za goli. Ilitoka kabla ya mashindano yenyewe, kwa hiyo fainali unakutana na Ujerumani, wakati sote tunajua siku ile walikuwa Brazil na Italia, Baggio akapaisha. Miezi ya mwanzo raha tupu. Baadaye nikaona narudia kitu kilekile: kipa, goli, kipa, goli. Nikaapa ya pili naichagua kwa mikono, si kwa macho.

Ndipo nikakutana na Congo, ya kampuni ya Williams, 1995. Jamani, zile picha! Msitu, volkano, almasi, na mji uliopotea eti unaitwa Zinj. Jina ambalo Waarabu waliita pwani yetu, wao wamelitupa katikati ya msitu. Kwa macho nisingeichukua hata bure. Lakini nilipoishika dukani nusu saa ikapita bila habari. Unapiga huku, gololi inazunguka na kukurudia mkononi, unaipeleka kule, hupumziki. Chini ya uwanja kuna shimo lenye gorila, na vitufe vilevile vya flipa vinamfanya arushe mikono na kuipiga gololi. Nikacheka peke yangu kama mwehu. Muuzaji akaapa imefunguliwa yote, ikasafishwa, ikaunganishwa upya. Nikalipa.

Siku ya tatu, au ya nne, gololi ikaingia shimoni. Kimya. Gorila haamki. Halafu mashine ikaanza kuitafuta gololi yake: tak, tak, tak, koili (zile sumaku za umeme za kurushia gololi) moja baada ya nyingine, inapapasa kila kona, na gololi yenyewe imetulia mbele yetu inang'aa. Mwanangu akainama akaionyesha mashine kwa kidole: "Iko hapa." Kisha akanigeukia, "Baba, mbona haioni?"

Nikampigia muuzaji simu. Akasema sakafu yangu itakuwa imeinama, nirekebishe skrubu za miguu. Nikamwambia bwana, sakafu hailazi gorila usingizi. Akacheka. Halafu akasema, nanukuu: "Ulipoingia tu nilijua hii utaichukua. Si ya kwenu hiyo?"

Ya kwetu! Sisi Tanzania tuna sokwe kule Gombe. Gorila wa mwituni hatuna hata mmoja. Gorila wa kwanza kumwona maishani nimemwona bustani ya wanyama ya Lincoln Park, hapa hapa Chicago, nimevaa koti la baridi. Nusu saa nzima yule muuzaji alinitazama nikicheza, nikijaribu kila njia, na alichokiona ni Mwafrika na gorila wake.

Nikafungua kichwa cha mashine, lile sanduku la juu, mwenyewe. Mle ndani zinakaa betri tatu ndogo, kama za rimoti, za kutunza kumbukumbu mashine ikizimwa. Zimevuja. Unga mweupe na kijani umeteremka kwenye bodi ya umeme ukala miguu ya vipuri vilivyo karibu, ndiyo maana safu nzima ya swichi, zile zinazoiambia mashine gololi iko wapi, imekufa. Huo si uchafu wa kujificha. Aliyefungua kile kichwa hata kwa kupangusa vumbi ameuona. Nikasugua kwa siki na mswaki wa zamani, swichi kadhaa zikaamka, nyingine wapi. Duka likagoma kulipa. Bodi nimenunua kwa hela yangu, safari hii isiyohitaji betri kabisa.

Kwa hiyo duka sifuri. Msiende. Ingawa, tusidhulumiane, vijana walioileta waliishusha ngazini, kilo zaidi ya 100 zile, bila kukwaruza hata ukuta. Hao wapewe mbili. Yule wa simu abaki na sifuri yake.

Na mashine? Niliapa nikiitengeneza tu naiuza. Usiku ule bodi mpya imeingia, gorila akaamka, nikasema mchezo mmoja wa majaribio. Nikapanda kulala saa saba usiku. World Cup Soccer sijaigusa wiki ya pili sasa. Mchezo nyota tano. Picha bado mbaya, ingawa siku hizi hata ile volkano nimeanza kuizoea. Mwanangu amempa gorila jina la muuzaji, na kila akimrushisha mikono anamwita kwa sauti mpaka juu jikoni wanasikia.

Tatizo ni kwamba duka lilelile limeingiza Attack from Mars, nayo ya 1995, na wageni wa kutoka Mars si wa kwao wala si wa kwetu. Nimeshapiga simu mara mbili. Akipokea yeye, nakata. Mke wangu hajui.