Dakika 40 za ngome ya Warumi, na jibu nililopewa

"Mawe ni mawe, mkiona ngome moja mmeziona zote." Hilo ndilo jibu la mwongozaji wetu pale kwenye ngome ya Housesteads alipoombwa atuongezee robo saa. Akawasha gari. Sasa mtu kama huyo analipwa kwa kazi gani? Wiki kadhaa zimepita na bado hasira haijanishuka.

Kampuni siitaji jina. Ni moja ya hizi zenye basi dogo, zinazookota wageni mjini asubuhi na kuwazungusha siku moja kwenye Ukuta wa Hadrian, ule ukuta wa mpakani uliojengwa na Warumi kaskazini mwa Uingereza. Tangazo linasema "ngome 3". Halisemi utakaa muda gani kwenye kila ngome, na hapo ndipo wanapokulia pesa. Housesteads tulipewa dakika 40. Duka la chai na sabuni za maua lilipewa saa nzima na ushei.

Piga hesabu mwenyewe. Gari linaegeshwa chini barabarani, ngome iko juu kilimani, umbali wa kama mita 800. Kupanda ni dakika 15 kwa mtu asiyekimbia, kushuka 10. Zimebaki 15, na hapo hujakata tiketi, ambayo haikuwamo kwenye bei ya safari. Hilo tuliambiwa tukiwa tumeshafika mlangoni. Kwa dakika 15 utazunguka nini kwenye eneo la ekari 5, majani yanateleza, mawe hayalingani kimo na upepo unakusukuma kama una deni lake?

Kinachouma ni kwamba ngome ile inasomeka kirahisi sana kwa aliyeelekezwa. Warumi walijenga kwa ramani karibu ileile kila mahali: mstatili wenye pembe za mviringo kama karata, malango 4, makao makuu katikati, nyumba ya kamanda jirani, ghala za nafaka, kisha mabweni ya askari safu kwa safu. Ukishajua makao makuu yalipo, huhitaji tena kubabaisha na kijitabu.

Na ukitaka choo, fuata ardhi inakoinamia, kwa sababu maji hayapandi mlima. Housesteads kiko pembe ya kusini-mashariki, chini kabisa, nacho ndicho kitu cha kwanza cha kutazama pale. Ule mtaro wa kina unaozunguka chumba ulikuwa chini ya viti. Viti vyenyewe vilikuwa vya mbao na vimeoza zamani, ndiyo maana asiyeelezwa hudhani ni mfereji wa mvua na kupita zake. Mbele ya viti, kwenye sakafu, kuna kijifereji chembamba kilichochongwa kwenye jiwe: hicho kilipitisha maji ya kujisafishia. Hakuna kizuizi kati ya mtu na mtu, walikaa bega kwa bega. Na maji yalitoka wapi, ilhali juu ya mwamba ule hakuna chemchemi? Ni ya mvua. Pembeni kuna tangi la mabamba ya mawe yaliyosimamishwa wima na kuunganishwa yasivuje; pitisha macho kwenye kingo zake za juu uone zilivyolika kwa matumizi. Sisi tulilipita tangi hilo huku tukipigiwa makofi tufanye haraka. Makofi, kama kuku!

Ghala nazo hazitaki maneno mengi. Vile vijinguzo vifupi vilivyopangwa chini vilibeba sakafu ili hewa ipite na nafaka isishike unyevu. Aliyewahi kuona kihenge kilichoinuliwa kwa miguu kijijini kwao ameshaelewa.

Lakini mwongozaji, aliyekosa dakika za choo na ghala, alizipata za kutosha kusimama lango la mashariki, penye kizingiti kilicholiwa na magurudumu, kutueleza kwamba upana wa reli ya kisasa, mita 1.435, hii hii ya SGR ya Nairobi na Dar es Salaam, ulitokana na mikokoteni ya Warumi. Ni hadithi tu. Upana huo ulitoka kwenye reli za mabehewa ya makaa ya mawe yaliyovutwa na farasi huko huko kaskazini-mashariki mwa Uingereza, mhandisi wa reli George Stephenson akaubeba kwenye treni zake.

Nilikaa kuandika niwaambie msiende kabisa. Nafuta. Nendeni, ila peke yenu. Treni ya Newcastle hadi Carlisle inasimama Hexham na Haltwhistle, na katikati ya miji hiyo kuna basi la AD122, lililopewa namba hiyo kwa sababu ujenzi wa ukuta ulianza mwaka 122 baada ya Kristo. Ni basi la msimu, wakati wa baridi usilitegemee, na kabla hujashuka popote piga picha ratiba ya kurudi, maana likikupita utangoja sana. Ukienda na gari lako, ada ya kuegesha ni mbali na tiketi ya kuingia. Viatu viwe vya soli yenye meno. Mwavuli uache nyumbani, upepo utaugeuza. Beba koti la mvua hata kama jua linawaka.

Siku moja inatosha ngome 2, si 3. Housesteads iwe asubuhi, uipe muda wa saa mbili. Kisha ngome ya Vindolanda, uipe muda wa saa tatu nzima, kwa kuwa pale udongo wenye maji usio na hewa ulihifadhi viatu vya ngozi na barua za wino kwenye vibao vyembamba vya mbao, na kiangazi unaweza kukuta watu wakichimba mbele ya macho yako. Ngome ya Chesters, yenye bafu la askari kando ya mto, iwe safari nyingine.

Nisiwe mchoyo: gari lilikuwa safi, na dereva, ambaye ni mwongozaji huyo huyo, anaendesha kwa adabu kwenye barabara nyembamba. Kwa mzee asiyeweza kupanda na kushuka mabasi, labda ziara hii ina maana.

Labda. Maana njiani aliulizwa kuhusu wanajeshi wa Kiafrika kwenye ukuta huu, akasema hajawahi kusikia. Hajawahi! Karne ya 3 ngome ya Aballava ilikuwa na kikosi cha Wamauri kutoka Afrika Kaskazini, kimetajwa kwenye maandishi ya jiwe. Kaisari Septimius Severus, aliyeukarabati ukuta wenyewe, alizaliwa Leptis Magna, Libya ya leo, akafia York mwaka 211. Ukitaka kufika Aballava, kijiji kinaitwa Burgh by Sands, magharibi mwa Carlisle. Magofu hayaonekani, usihangaike kuyatafuta. Nenda kanisani utazame kuta: limejengwa kwa mawe ya Warumi.